Risasi gani kwa swala wa mbali? Majibu yaliyomo katika historia ya Kilwa, Liwale na Lindi

 

Mara nyingi hapa tunazungumza juu ya korosho, ufuta na mbaazi. Leo tunaingia porini. Kuna swali ambalo wawindaji wenye vibali huuliza kila msimu unapokaribia, na askari wa wanyamapori wa vijiji nao huuliza: mtu mwenye bunduki halali achague risasi gani ili ampige swala, kongoni au pofu aliye mbali?

Anayeuliza hutarajia kutajiwa namba tu. Namba nitakupa, zipo huku chini. Lakini nakuomba usiziruke hizi kurasa za kati. Watu wa pwani hii na bara yake wamelijua jambo la risasi na umbali kwa zaidi ya miaka 150, na elimu hiyo waliilipia kwa damu, njaa na mashamba. Ukiifahamu historia hiyo, utachagua vizuri zaidi kuliko anayesoma matangazo ya viwanda.

Kwanza tuelewane maneno

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda, fataki inayowasha moto, baruti, na kichwa kinachoruka. Namba kama .303 au .375 ni kipimo cha upana wa tundu la mtutu kwa inchi. .303 ni milimita 7.7, na .375 ni milimita 9.5. Namba hiyo peke yake haikuambii kasi, wala nguvu, wala umbali. .308 na .30-06 zinarusha kichwa chenye upana uleule, ila ganda la .30-06 ni refu zaidi na lina nafasi ya baruti nyingi zaidi. Kwa hiyo mtu akikuambia "yangu ni kubwa kuliko yako", muulize kubwa kwa kipi.

Gobore na pembe za Kilwa Kivinje

Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa mlango wa misafara iliyotoka Ziwa Nyasa. Ilileta pembe za ndovu na, kwa aibu kubwa, watumwa. Ikarudi bara na nguo, shanga, baruti na bunduki. Bunduki hizo zilikuwa za kushindilia kwa mdomo: za gumegume, kisha za fataki. Ndizo zilizozaa gobore tunalolijua hadi leo.

Fikiria kazi yake. Unamimina baruti, unashindilia kitambaa, unatia gololi ya risasi, unashindilia tena, unaweka fataki, ndipo unalenga. Mtutu hauna mifereji ndani, hivyo gololi inatoka ikiyumba. Ukivuka hatua hamsini hivi, kumpata mnyama ni bahati. Mvua ya masika ikilowesha baruti, huna bunduki, una fimbo.

Hata hivyo wawindaji wa Kimakua na wenzao walijipatia sifa ya kuua tembo kwa silaha hizo. Haikuwa kwa sababu gobore lilifika mbali. Walijua kwamba halifiki, kwa hiyo wao ndio waliosogea. Walisoma upepo, walifuata nyayo, walivizia kwenye maji, wakafyatua wakiwa karibu kiasi cha kusikia mnyama akipumua. Hili ni somo la kwanza: umbali hupunguzwa kwa miguu kabla haujapunguzwa kwa baruti.

Mwaka 1905: silaha mbili, umbali mbili

Mwishoni mwa Julai 1905, watu wa Nandete katika milima ya Matumbi waling'oa pamba iliyolimwa kwa shuruti. Vita vya Maji Maji vikaanza. Huko Ngarambe, Kinjekitile Ngwale alikuwa ameshawapa watu maji ya dawa, na imani ilienea kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Yeye mwenyewe alinyongwa Mohoro mapema mwezi Agosti. Mwezi huohuo boma la Liwale likachomwa.

Ndugu msomaji, tunazoea kuitazama vita hii kama habari ya dawa iliyoshindwa. Itazame pia kwa macho ya mtu anayejifunza bunduki. Wapiganaji wetu walikuwa na mikuki, mishale na magobore, yaani silaha za hatua chache. Askari wa Kijerumani walikuwa na Mauser ya mwaka 1871, ya milimita 11, yenye mifereji ndani ya mtutu, ganda la shaba na kichwa cha gramu 25 hivi. Hiyo iliweza kumpata mtu kwa mamia ya mita, na ilipakiwa upya kwa sekunde chache. Mahali pengine kulikuwa na bunduki za rashasha. Aliyetaka kuitumia silaha yake ilimbidi kwanza avuke uwanja ambao mwenzake alikuwa tayari anautawala. Watu walivuka uwanja huo kwa ushujaa usiosemeka, na wengi hawakufika upande wa pili.

Kilichoua wengi zaidi hakikuwa risasi. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, njaa ikafuata. Hesabu ya serikali yao ilikuwa watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria wengi wanataja idadi kubwa zaidi, hadi 250,000 au 300,000. Magobore yalikusanywa kama sharti la kusalimu amri. Mashamba yaliyoachwa yakarudi kuwa pori, na pori likawarudisha nguruwe na tembo, huku mkulima akibaki bila silaha ya kulinda muhogo wake.

Ukiwa Liwale au Kilwa leo na unashangaa kwa nini wanyama ni wengi kiasi hiki, sehemu ya jibu ni hiyo. Pori la akiba kubwa la kusini lilikuzwa katika nchi ambayo vita na njaa vilikuwa vimeipunguzia watu, na baadaye, katika miaka ya 1940, serikali ya Kiingereza ikawahamisha wengine kwa sababu ya malale. Unapolenga mnyama katika nchi hii, unasimama juu ya mahame ya mtu.

Moshi na ncha kali

Wakati huo ufundi wa risasi ulikuwa umeshabadilika duniani. Mwaka 1886 Ufaransa ilitoa bunduki ya Lebel, ya kwanza ya jeshi kutumia baruti isiyo na moshi. Baruti hiyo ina nguvu zaidi, kwa hiyo kichwa kiliweza kuwa chembamba na chepesi na bado kikaruka kwa kasi kubwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 majeshi yakaacha kichwa cha mviringo na kuchukua chenye ncha kali, kinachopasua hewa vizuri. .303 ya Waingereza, kwa mfano, tangu mwaka 1910 ilirusha kichwa cha gramu 11 hivi kwa kasi ya takriban mita 744 kwa sekunde. Mauser ya 1871 ilirusha gramu 25 kwa takriban mita 430 kwa sekunde. Kichwa kilipungua zaidi ya nusu, kasi ikaongezeka sana.

Je, aliye na risasi mpya alishinda kila mara? Hapana. Novemba 1914, huko Tanga, kikosi cha Waingereza na Wahindi kipatacho watu 8,000, chenye bunduki za kisasa, kilishindwa na watu wapatao 1,000 wa upande wa Wajerumani. Wengi wa askari hao Waafrika walikuwa bado na Mauser za zamani zinazotoa wingu la moshi kila zinapolia na kumwonyesha adui mahali walipo. Lakini walikuwa wamefundishwa, waliijua ardhi, na walizijua bunduki zao. Somo la pili: risasi ya kizamani mikononi mwa anayeijua huishinda risasi mpya mikononi mwa mgeni wake.

Mahiwa na Ngomano: risasi isiyopatikana

Somo la tatu liko karibu zaidi na nyumbani. Ukitoka Lindi kwenda Masasi, unapita jirani na Mahiwa. Hapo Oktoba 1917 palipiganwa mojawapo ya mapigano makali kuliko yote ya vita ile katika Afrika Mashariki. Waingereza, wengi wao wakiwa askari Waafrika kutoka Nigeria na kikosi cha King's African Rifles, walipoteza watu zaidi ya 2,000 kwa kuuawa na kujeruhiwa, kati ya wasiofika 5,000. Jenerali von Lettow-Vorbeck alibaki na uwanja. Lakini risasi zake za bunduki za kisasa zilikuwa karibu kwisha, na hakukuwa na meli ya kumletea nyingine. Bunduki nzuri bila risasi ni mzigo wa kubeba.

Mwezi uliofuata alivuka Ruvuma. Tarehe 25 Novemba 1917, huko Ngomano, aliiteka kambi ya Wareno na kupata bunduki mia kadhaa na risasi takriban 250,000. Askari wake wakaanza kuachana na Mauser za 1871 na kutumia bunduki za Wareno. Hakuna aliyefanya mjadala kama risasi ya Kireno ilikuwa bora kuliko ya Kijerumani. Ilikuwa bora kwa sababu ilikuwepo.

Wawindaji watatu, njia moja

Wapo wawindaji watatu ambao majina yao yanahusika na mapori ya Afrika Mashariki, na kila mmoja ana jambo la kutufundisha.

Wa kwanza ni Frederick Selous, Mwingereza aliyeuawa kwa risasi huko Beho Beho tarehe 4 Januari 1917 akiwa na umri wa miaka 65. Pori la akiba lilipewa jina lake mwaka 1922, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Alipokuwa kijana kusini mwa Afrika, aliwinda tembo kwa bunduki za kushindilia zilizorusha gololi ya gramu zaidi ya 110. Teke lake lilimwumiza vibaya, na yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba liliharibu utulivu wake wa kulenga. Maisha yake yote yaliyofuata alikuwa akipunguza: kutoka gololi nzito hadi bunduki za mifereji, kisha hadi risasi nyembamba za baruti isiyo na moshi.

Wa pili ni W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja, Uganda. Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi ya milimita 7, ambayo leo watu wangeiita ya swala. Wengi husikia habari hii na kusema: basi risasi ndogo inatosha kwa kila kitu. Wanasahau nusu ya habari. Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo kutoka kila upande, alitumia vichwa vigumu visivyopasuka, na alisogea karibu sana. Nguvu yake ilikuwa katika kujua. Sheria zetu za sasa haziruhusu mtu kumwiga, na ni vizuri hivyo, maana walio wengi hawana elimu ile.

Wa tatu ni wa kwetu zaidi: C. J. P. Ionides, aliyeingia Idara ya Wanyamapori mwaka 1933 na kufanya kazi kwa miaka mingi akiwa Liwale. Watu humkumbuka kwa nyoka, lakini kazi yake ilikuwa pia kulinda mashamba dhidi ya tembo na kulikuza Pori la Selous. Idara za wanyamapori za Tanganyika na Kenya zilipendelea sana .404, risasi nzito ya gramu 26 hivi isiyo na kasi kubwa. Kwa tembo aliye shambani, kwa hatua thelathini, kwenye nyasi ndefu, ilifaa. Kwa swala aliye ng'ambo ya mbuga, haikuwa na maana. Kila risasi ina kazi yake.

Hesabu ya mita 300

Sasa tuje kwenye umbali wenyewe. Kichwa cha risasi huanza kuanguka mara tu kinapotoka mtutuni, kama embe linavyoanguka mtini. Kinachotofautiana ni muda kilio nao hewani.

Mauser ya 1871 ilihitaji karibu sekunde moja kufika mita 300. Katika muda huo kichwa kilikuwa kimeshuka takriban mita tatu na nusu kutoka mstari wa mtutu. .30-06 yenye kichwa cha gramu 11.7 na kasi ya takriban mita 820 kwa sekunde hufika kwa sekunde 0.4 hivi, ikiwa imeshuka chini ya mita moja. Hayo ndiyo maendeleo ya miaka yote hiyo, na si madogo. Ukiirekebisha darubini yako ipige katikati kwa mita 200, kwa mita 300 risasi itapiga sentimita 25 hadi 30 chini. Inawezekana kulihesabu.

Lakini kuna mambo mawili ambayo ganda halihesabu kwa niaba yako. La kwanza ni upepo. Wakati wa kusi, upepo wa ubavuni wa mita 4 au 5 kwa sekunde unaweza kuisukuma risasi hiyo kama sentimita 20 kwa mita 300, na upepo wa pale ulipo si lazima uwe sawa na wa pale alipo mnyama. La pili ni mnyama mwenyewe. Katika sekunde 0.4, swala anayetembea taratibu husogea karibu nusu mita. Ulilenga moyo, ukapiga utumbo. Hakuna kiwanda duniani kilichotengeneza risasi ya kuzuia hatua moja ya kongoni.

Mnyama aliyepigwa utumbo haanguki. Anaingia kichakani, anakufa usiku au kesho yake, nyama inaoza, kibali chako kimetumika, na kama ni nyati amejeruhiwa, mama anayekwenda kutafuta kuni ndiye atakayekutana naye.

Basi uchague nini?

1. *Anza na sheria.* Uwindaji unaongozwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na silaha zinaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kwa wanyama hatari kama tembo, nyati na simba, kiwango cha chini ni .375. Kabla ya kununua chochote, mwone afisa wanyamapori wa wilaya na polisi. Gobore la kienyeji lisilosajiliwa si njia ya mkato. Ni kesi, na likipasuka ni kilema.

2. *Kwa swala pala, pongo na wa kimo chao,* 7x57, .308 au .30-06 inatosha kabisa. *Kwa kongoni, nyumbu, palahala na pofu,* .30-06 yenye kichwa kizito, au .375. Kama utamiliki bunduki moja tu maisha yako yote, .375, iliyotoka mwaka 1912, bado ni jibu la busara, mradi uweze kuhimili teke lake.

3. *Nunua inayopatikana.* Kumbuka Mahiwa. Nje ya nchi kuna risasi mpya zinazosifiwa sana kwa umbali, kama 6.5 Creedmoor ya mwaka 2007. Ni nzuri kweli. Lakini zilibuniwa kwa wenye maduka yaliyojaa na viwanja vya shabaha. Kabla ya kuzitamani, uliza wauzaji watatu kama wanazo, na kama walikuwa nazo mwaka jana.

4. *Chagua teke unaloliweza.* Kumbuka Selous. Ukifumba macho kabla ya kufyatua, risasi hiyo ni kubwa kwako, hata kama jirani yako anaisifu.

5. *Chagua kichwa kwa kazi.* Kichwa laini hupanuka ndani ya swala na kumwangusha. Kichwa kigumu ni cha wanyama wenye ngozi nene. Kwa swala kitapenya na kuendelea na safari.

6. *Pima umbali wako, si wa risasi.* Katika uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, weka shabaha yenye upana wa sahani, sentimita 20. Piga risasi tano ukiwa umepiga goti au umeegemea mti, kama utakavyokuwa porini. Umbali ambao zote tano zinaingia, huo ndio wako. Kwa wengi ni mita 100 hadi 150. Usione aibu. Katika miombo yetu, hata baada ya moto wa kiangazi, ni mara chache utaona mnyama vizuri zaidi ya mita 200.

7. *Tazama nyuma ya mnyama.* Kichwa kilichokosa kinaweza kuruka kilomita tatu na zaidi. Ndani ya kilomita tatu kuna dungu, na ndani ya dungu kuna mtoto anayelinda mpunga. Kama huoni udongo nyuma ya mnyama, usifyatue.

Wale Wamakua wa magobore wangekielewa kila kipengele hapo juu bila kutajiwa namba hata moja. Sisi tuna darubini na baruti isiyo na moshi, wao walikuwa na miguu, pua na subira. Mwenye kuunganisha vyote viwili atarudi na nyama, na msitu utabaki na wanyama wazima badala ya majeruhi.

Kama una swali kuhusu wanyama waharibifu shambani, usisubiri hadi uwe na bunduki. Toa taarifa kwa ofisi ya kijiji mapema. Katika makala ijayo tutaangalia uzio wa pilipili na mizinga ya nyuki dhidi ya tembo. Kazi njema, na msimu mwema.